Dohani Isiyosimama Kwasasi

Ukitoka mji wa Lamu kwa mashua kuelekea Faza au Kizingitini, unapita kwanza katika mkono mwembamba wa Mkanda, mikoko ikiwa imekubana huku na huku, hadi maji yanapofunguka ghafla na kuwa ghuba pana ya Manda. Upande wa kushoto, yaani bara, utaziona kreni za bandari mpya ya Kililana. Ukishazipita, kinachobaki machoni ni mikoko, na nyuma ya mikoko ni vichaka na mashamba ya Kwasasi. Hapo ndipo dohani ya mita 210 ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe ilipokusudiwa kusimama, ambayo ni mara mbili ya urefu wa jengo la KICC la Nairobi. Nimepita hapo mara nyingi, na kila nikipita hujikuta ninatafuta kwa macho kitu ambacho hakipo na ambacho hakijawahi kuwapo.

Mimi ni mzaliwa wa Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, ila nimeishi Mombasa kwa zaidi ya miaka ishirini, na riziki yangu ni kufasiri nyaraka: mikataba ya nyumba, vyeti, hati za mahakamani. Ninalitaja hilo kwa sababu ndilo lililoniingiza katika jambo hili. Mwaka 2016 ami yangu, nahodha mstaafu ambaye hajawahi kuniomba msaada wa maandishi maishani mwake, alinipigia simu akaniambia kwamba kuna kitabu kinene cha Kiingereza kuhusu mtambo wa umeme utakaojengwa bara, na kwamba baraza zima la wazee wanaokaa kando ya msikiti baada ya alasiri wanabishana juu ya kilichomo bila hata mmoja wao kukisoma. Alitaka nije nikisome kwa niaba yao. Kitabu chenyewe kilikuwa ripoti ya tathmini ya athari za mradi kwa mazingira na kwa jamii, na ami hakujua kwamba ripoti ya aina hiyo huwa ni mamia kwa mamia ya kurasa.

Mradi ulikuwa wa kampuni ya Amu Power, ambayo ni ubia wa Centum na Gulf Energy, kampuni mbili za Nairobi zilizoshinda zabuni ya serikali mwaka 2014. Mtambo ungezalisha megawati 1,050 kwa kuchoma makaa ya mawe, juu ya ardhi ya takriban ekari 975, kwa gharama iliyokaribia dola bilioni mbili, sehemu kubwa ikiwa mkopo ulioongozwa na benki ya China ya ICBC. Makaa yangetoka Afrika Kusini kwa meli mpaka hapo machimbo ya bonde la Mui kule Kitui yatakapokuwa tayari. Yote hayo yaliingia katika mpango mkubwa zaidi, ule wa LAPSSET wa kuunganisha Kenya na Ethiopia na Sudan Kusini, uliozinduliwa Lamu mwezi Machi 2012 na Rais Kibaki akiwa pamoja na Meles Zenawi wa Ethiopia na Salva Kiir wa Sudan Kusini: bandari, barabara, reli, bomba la mafuta. Mji ambao bado unabeba mizigo yake kwa punda ulikuwa umepewa ramani yenye kila kitu.

Taabu yangu ya kwanza ilikuwa ni lile neno lenyewe. Kwa mtu wa Lamu, makaa ni ya jikoni. Yanakuja kwa magunia kutoka bara na yanawashwa kwenye seredani. Bibi mmoja jirani yetu aliniuliza, kwa uzito kabisa, kwa nini serikali iagize makaa kutoka Afrika Kusini ilhali pale Witu na Mpeketoni yanauzwa kando ya barabara. Watu walicheka, nami nilicheka nao, lakini usiku nililitafakari swali lake nikaona kwamba halikuwa la ujinga. Huwezi kumwomba mtu maoni juu ya kitu ambacho jina lake linampeleka kwenye kitu kingine. Basi nikaanza daftari, upande mmoja maneno ya ripoti, upande wa pili maneno ambayo ami na wenzake wangeyatambua, na daftari hilo ndilo lililonifundisha mradi kuliko ripoti.

Nilipofika kwenye maji, mazungumzo yalibadilika. Mtambo wa namna ile huchemsha maji yawe mvuke, mvuke ukazungusha mitambo ya kuzalisha umeme, kisha mvuke huo lazima upozwe urudi kuwa maji. Kwa Kwasasi, kazi ya kupoza ingefanywa na bahari: mabomba yangevuta maji ya ghuba kwa wingi mkubwa, mfululizo, usiku na mchana, na kuyarudisha yakiwa na joto kuliko yalivyotoka. Ami alinisikiliza bila kunikatiza, halafu akauliza mabomba yatakuwa upande gani wa ghuba. Nilipomwonyesha kwenye ramani, alinyamaza kwa muda. Mtu asiyejua bahari ya kwetu anaweza kudhani kwamba wavuvi wakizuiwa sehemu moja watahamia nyingine, kwa kuwa bahari ni kubwa. Lakini miezi ya upepo wa kusi, bahari ya nje ya miamba huwa haiendeki kwa mashua ndogo, na wavuvi wengi wa madema na jarife hubaki ndani, kwenye mikono na maghuba, katikati ya mikoko ambayo ndiyo mazalio ya kamba, kaa na samaki wengi. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu. Maji yanayovutwa na mabomba hayaji peke yake. Yanakuja na mayai ya samaki na vitoto vyao, na hivyo havirudi vilivyo. Ami hakuhitaji mtaalamu wa kumweleza hilo, alihitaji tu kujua mabomba yako wapi.

Jambo la pili lilikuwa majivu. Makaa ya mawe yakichomwa huacha majivu mengi, na ndani ya majivu hayo hubaki madini ambayo yalikuwa yamejificha ndani ya jiwe: zebaki, aseniki, risasi. Kwa mtambo unaokula mamilioni ya tani kwa mwaka, majivu yake si ya kufagia. Ni kilima kinachokua kila mwaka, nacho kingekuwa hapo hapo pwani. Katika daftari langu sehemu ya kuhifadhia majivu nimeiandika kwa majina matatu tofauti na kuyafuta mawili, kwa sababu "bwawa" liliwafanya watu wafikirie maji ya kunywa na "jaa" liliwafanya wafikirie takataka za kawaida. Tulimalizia na "uwanja wa majivu," ambalo nalo sikulipenda.

Jambo la tatu nililiona mwenyewe, na ninakiri kwamba ndilo lililonigusa zaidi kwa sababu mimi si mvuvi, ni mtoto wa nyumba ya mawe. Mji wa kale wa Lamu, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, umejengwa kwa matumbawe, boriti za mikoko na chokaa. Chokaa chenyewe ni matumbawe yaliyochomwa. Moshi wa makaa ya mawe una salfa; salfa ikikutana na unyevu wa hewa, na Lamu haikosi unyevu, huwa tindikali; na tindikali hula chokaa, ikakigeuza kuwa jasi inayobambuka kama ngozi iliyoungua jua. Mtambo ungekuwa kiasi cha kilomita ishirini kutoka mjini, upande wa kaskazini. Wakati wa kusi moshi ungeelekea Pate, Siyu na Faza. Lakini upepo wa kaskazi, unaovuma kuanzia mwisho wa mwaka hadi Machi, ungeuleta kwetu. Kila mji ungepata zamu yake. Ni kweli kwamba dohani ndefu huwekwa ili moshi utawanyike juu, na vichujio huondoa sehemu ya salfa, na wataalamu wanaweza kubishana kuhusu kiasi kinachobaki. Mimi nilizitazama zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, za nyumba ya bibi yangu, plasta iliyochongwa kwa mkono kabla hajazaliwa babu yake, nikaona kwamba sina hamu ya kushiriki katika jaribio hilo.

Sitaki kuandika kana kwamba Lamu yote ilipinga. Haikuwa hivyo. Kabla ya nyaya za gridi ya taifa kutufikia, mji uliendeshwa na jenereta za dizeli, na kila mtu wa rika langu anakumbuka usiku wa giza uliodumu mpaka mafuta yafike. Vijana wengi walisikia habari za ajira wakafurahi, na huwezi kumlaumu kijana wa miji ya bara ya Hindi au Mokowe mwenye cheti cha ufundi na asiye na kazi. Wako pia wenye mashamba Kwasasi waliotaka fidia yao walipwe haraka wakaanze maisha kwingine. Mabishano yaliingia majumbani. Katika familia yetu, shemeji yangu mwenye shamba Kwasasi na ami yangu mwenye mashua walikaa muda mrefu wakisalimiana kwa adabu tu.

Hoja ya umeme, hata hivyo, ilikuwa dhaifu kuliko tulivyodhani. Mwaka 2013 serikali mpya iliahidi kuongeza zaidi ya megawati 5,000 ndani ya miezi arubaini, kwa makadirio ya mahitaji ambayo ndani yake kulikuwa na reli ya umeme na viwanda vya chuma. Reli ilijengwa, na treni zake mpaka leo zinakwenda kwa dizeli. Mwaka 2019 kilele cha matumizi ya umeme nchini Kenya kilikuwa takriban megawati 1,900, maana yake mtambo mmoja wa Kwasasi ungekuwa zaidi ya nusu ya kilele hicho, katika nchi ambayo tayari ilikuwa na mvuke wa ardhini wa Olkaria na megawati 310 za upepo wa Turkana. Na mkataba wa ununuzi wa umeme, wa miaka 25, ulikuwa wa aina ile ambayo mnunuzi hulipia uwezo wa mtambo hata kama hautumii umeme wake. Taasisi ya IEEFA, inayochunguza uchumi wa kawi, ilikadiria mwaka 2019 kwamba malipo hayo peke yake yangefika dola bilioni 9 katika muda wote wa mkataba. Fedha hizo zingetoka kwenye tokeni ya umeme ya mama muuza mahamri wa Kisumu kama zitokavyo kwenye ya mwenye hoteli Shela.

Mwezi Septemba 2016, Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, iliupa mradi leseni ya mazingira. Miezi miwili baadaye shirika la Save Lamu pamoja na wakazi wengine watano walikata rufaa mbele ya Jopo la Kitaifa la Mazingira, wakisaidiwa na mawakili wa Katiba Institute. Kesi ilichukua karibu miaka mitatu. Wakati inaendelea, mahakama kuu ya Malindi ilitoa hukumu katika kesi nyingine, ile ya bandari, ikaamuru mwezi Aprili 2018 kwamba wavuvi zaidi ya 4,000 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa kuharibiwa maeneo yao ya kuvulia. Kwa hiyo watu hawakuwa wakiwaza mambo ya kufikirika. Bandari ilikuwa imewaonyesha tayari maana ya kuambiwa baada ya kazi kuanza.

Hukumu ya Jopo ilisomwa Nairobi tarehe 26 Juni 2019, na leseni ikafutwa. Watu wengi, hasa walioko mbali, wanaisimulia siku hiyo kama ushindi wa tabianchi, na si uongo. Jopo lilisema kweli kwamba tathmini haikuizingatia ipasavyo sheria ya mabadiliko ya tabianchi ya mwaka 2016. Lakini mimi niliyeisoma hukumu kwa jicho la mfasiri niliona uzito wake mkubwa uko kwingine. Kanuni za tathmini za mwaka 2003 zinamtaka mwenye mradi aitishe angalau mikutano mitatu na watu watakaoguswa, abandike matangazo, na atangaze redioni kwa lugha rasmi na kwa lugha za wenyeji. Mikutano ilikuwa imefanyika, hilo halikukataliwa. Ila ile mikutano ilikuwa ya mwanzo, ya kuutambulisha mradi, kabla utafiti haujakamilika. Utafiti ulipokwisha na athari zikajulikana, watu hawakurudiwa na kuelezwa kwa namna inayoeleweka kilichogunduliwa, ili waseme wanaonaje. Jopo likaona kwamba kumwuliza mtu maoni kabla hujajua utakachomwambia si kumshirikisha.

Nilipomsomea ami kifungu hicho kwa Kiswahili, alinitaka nikirudie. Halafu akasema kwamba basi yule bibi wa makaa ya Witu ndiye aliyeshinda kesi. Alikuwa anatania, lakini nimeishi na maneno yake tangu siku ile. Wapo waliosikitika kwamba mradi uliangushwa na utaratibu na si na madhara yake, kana kwamba utaratibu ni kasoro ndogo ya karani aliyesahau muhuri. Mimi sikubaliani nao. Laiti mabomba yale yangeelezwa kwa ramani na kwa Kiswahili mbele ya manahodha, pingamizi zito kuliko yote lingetolewa asubuhi moja, pasipo hata wakili.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kasi kwa upande wa fedha. Siku chache baada ya hukumu, kamati ya urithi wa dunia ilikutana Baku na kueleza wasiwasi wake kuhusu Lamu. Mwezi Novemba mwaka huo huo Benki ya Maendeleo ya Afrika ilitangaza kwamba haitaufadhili mradi. Kampuni ya General Electric, iliyokuwa imetangaza mwaka 2018 nia ya kununua sehemu ya Amu Power na kuleta mitambo yake, ilisema mwaka 2020 kwamba inaachana na ujenzi wa mitambo mipya ya makaa ya mawe. Ilikuwa ajabu kutazama: fedha zilikuwa za China, mitambo ya Marekani, na balozi wa Marekani wa wakati huo akiutetea mradi hadharani mtandaoni wakati ambapo vijana wa Lamu waliandamana Nairobi kuupinga. Kuelekea mwisho wa 2020 zikaja habari kwamba ICBC nayo imejitoa, na Septemba 2021 Rais Xi Jinping akauambia Umoja wa Mataifa kwamba China haitajenga tena mitambo mipya ya makaa ya mawe nje ya nchi yake. Kampuni ilikuwa imekata rufaa dhidi ya uamuzi wa Jopo, na rufaa hiyo ikakaa kwa miaka hadi Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi ilipoitupilia mbali mwezi Oktoba 2025.

Ni muda mrefu kwa kitu ambacho hakikujengwa. Kuanzia zabuni mpaka hukumu ya mwisho ni zaidi ya miaka kumi na moja, na kinachonisumbua ni kwamba tunaihesabu miaka hiyo kama mitupu. Hapakuwa na moshi, hapakuwa na majivu, kwa hiyo tunasema hapakuwa na kitu. Shemeji yangu wa Kwasasi hakubaliani na hesabu hiyo. Shamba lake lilipimwa, akaambiwa asubiri fidia, na mtu anayesubiri fidia hapandi mkorosho, kwa sababu mkorosho unataka miaka kadhaa kabla haujakulipa. Alipanda simsim na mahindi, mazao ya msimu ambayo unaweza kuyavuna ukaondoka. Hakuezeka upya. Mwanawe alipotaka kujenga kando yake alimkataza. Fidia haikuja kwa kuwa mradi haukuja, na hakuna anayeulizwa kwa nini banda lake linavuja.

Nilimtembelea baada ya hukumu ya Malindi. Tulizunguka shamba, naye akanionyesha mikorosho ya baba yake, mizee, mashina yamepinda, na kando yake miche aliyoipanda yeye misimu miwili iliyopita, imefika kiunoni. Katikati ya wazee na watoto hapana mti hata mmoja wa umri wa kati. Nilimuuliza kama sasa moyo umetulia. Alijibu kwamba hatimiliki bado hana, kwamba anasikia jina la shamba lake limo katika ramani nyingine ya ukanda wa bandari, na kwamba miche ile aliipanda kwa sababu umri unakwenda. Kisha akanipa kikapu cha simsim nimpelekee ami, na kuniambia nimsalimie.